Minki Ametetewa, Kuku Bado

Kulaani koti la manyoya hakumgharimu mtu kitu. Wanaolivaa ni wachache, na asiyelivaa ana nguo nyingine. Ndiyo maana sheria zilikimbilia huko: Uingereza ilipiga marufuku mashamba ya manyoya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Uholanzi ikafunga ya minki, mnyama mdogo anayefugwa kwa ajili ya manyoya yake, mwaka 2021. (Uingereza iliendelea kuagiza manyoya kutoka nje, kilichohama ni vizimba, si makoti.)

Wafugaji hujibu kwamba koti la manyoya hudumu kuliko la poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Kweli. Wakisema minki wamezoea kufugwa, hapo siwafuati. Huyu ni mwindaji anayeogelea. Mfungie kwenye kizimba cha waya, utamkuta akienda na kurudi palepale, mwendo uleule, bila sababu.

Kesi ya kuku ni ngumu zaidi, kwa kuwa mayai yapo mezani kwa wengi. Umoja wa Ulaya ulikataza vizimba vitupu mwaka 2012. Humo kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4: hakunjui mabawa, haogi vumbi, na kiota anachokitafuta kabla ya kutaga hakipo. Lakini yai la kizimbani ni rahisi, na kwa mwenye kipato kidogo hilo si jambo la kupuuza. Wala banda la wazi si pepo. Kuku wakiwa maelfu hudonoana hadi kuuana, ndiyo sababu hukatwa ncha za midomo. Wanaotoka nje nao hukaribiana na ndege wa porini wanaobeba mafua.

Kwangu mimi, tunabishania vizimba na kuisahau mbegu, yaani aina ya kuku tuliyoizalisha. Kuku wa nyama wa kisasa hufikia kuchinjwa kwa wiki sita hivi, kifua kikiwa kizito kuliko miguu inavyoweza kubeba. Mpe uwanja mzima, bado atalala chini. Na vifaranga madume wa mbegu ya mayai, kwa kuwa hawatagi wala hawanenepi upesi, huuawa siku ileile ya kuanguliwa, kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Ujerumani ilikataza hilo kuanzia 2022, na sasa baadhi ya vituo vya kutotolesha hupima jinsia yai likiwa bado kwenye mashine ya kutotolesha, kabla kifaranga hajaanguliwa. Gharama huongezeka, ila ikigawanywa kwa mayai yote atakayotaga kuku mmoja, kila yai hubeba kidogo sana. Hoja ya mnunuzi maskini haina nguvu hapa.