Kwani Kiswahili hakijui?

Mzazi wa mtaa wa Langoni, hapa Amu (Lamu), mliyemnukuu, anayeshangaa mwanawe kusomea isimu, yaani taaluma ya lugha, chuo kikuu ilhali Kiswahili kazaliwa nacho, namuelewa sana. Babangu alisema hayo hayo, tena kwa sauti, barazani mbele ya watu.

Shule ya msingi niliandika "mato" kwenye insha, kama bibi asemavyo nyumbani. Mwalimu akachora duara jekundu: macho! Nikaamini Kiamu, lahaja yetu ya Amu, ni Kiswahili kilichoharibika. Ndipo chuoni darasa la fonolojia, somo la sauti za lugha, likatupangia ubaoni: mato na macho, kitwa na kichwa, kuteka na kucheka. Kumbe ni kanuni: penye ch ya sanifu, Kiamu kina t, na t yenyewe ulimi unagusa meno, si ile ya "tatu". Jaribuni kutamka mtaona. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa tu, kule Mombasa mwaka 1928, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Kazi? Sitadanganya, ni za kutafuta. Wenzangu wengine wanafundisha, wengine wakalimani. Mimi nimerudi Amu, namrekodi bibi kwa simu. Jana kanikemea: nimemwambia "njoo" badala ya "ndoo" ya Kiamu.