Waulizeni wakazi kabla ya kuchimba mtaro
Mwandishi, umesema wakazi washirikishwe kabla mitaro ya mitaani haijachorwa. Nakuunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapitisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar uchochoro kwa uchochoro, wakichora kwenye ramani mitaro iliyopo na mahali maji yanapojaa. Inawezekana! Mtaani kwetu mkandarasi alichimba bila kuuliza mtu. Masika ya kwanza tu, maji yakaingia kwa bibi jirani yetu hadi usawa wa kitanda, godoro likaelea. Na bibi huyo anaijua njia ya maji tangu pale palipokuwa mashamba ya mpunga. Mkutano wa mtaa uitwe jioni, mama lishe wakishaosha masufuria, na mchoro ubandikwe mapema ofisi ya serikali ya mtaa.