Mwenye msongo wa mawazo asiambiwe "tulia"

Mtu amevurugwa, moyo unamwenda mbio, nasi tunamwambia: "Tulia bwana, acha kuwaza sana." Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini naona unaanzia mahali pasipo. Kuzuia mawazo ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, na ndiyo inayowahi kulegea msongo ukipanda. Ni kumtaka mtu ashike kwa mkono uliokufa ganzi.

Ubongo ukishahisi hatari, iwe moto ndani ya nyumba au meseji kali ya bosi, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini ndani ya sekunde chache. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo kutoka tezi hizohizo, huja taratibu. Hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lilipoanza. Kwa hiyo anayejibu ile meseji dakika ya 15, akidhani hasira zimeshapoa, anajibu wakati kotisoli bado inapanda. Asubiri walau saa nzima.

Kotisoli yenyewe si sumu. Kila alfajiri hupanda ili tuamke. Shida ni isiposhuka kwa wiki na miezi. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, imejaa vipokezi, yaani vinasio, vya homoni za aina hii. Mtafiti wa ubongo Bruce McEwen na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 1968. Sehemu hiyohiyo husaidia kuuambia mwili kwamba homoni zimetosha. Ikielemewa, breki inalegea, kotisoli inazidi, na hipokampasi inaelemewa zaidi. Ndiyo maana mwenye msongo wa muda mrefu husoma ukurasa mmoja mara tatu na usimwingie. Tusimwite mzembe.

Basi tuanzie mwilini, na pumzi ndiyo iliyo karibu. Kaa, shusha mabega, weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6, kila hesabu sekunde moja. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Pale unapotoa hewa ndipo mapigo ya moyo hupungua, kwa hiyo usiharakishe kuvuta tena. Wengi hukosea hapa: wakisikia "vuta pumzi" hujaza kifua kwa nguvu, mara nyingi mfululizo. Hewa ukaa hupungua mno kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana, kizunguzungu na ganzi ya vidole huingia, na hofu huzidi. Vuta kidogo, polepole. Ukihisi kukosa hewa, anza na 3 kwa 4.

Kutembea nako si jambo la kubeza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao ziliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Kahawa iishie kabla ya adhuhuri, maana saa 5 baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Saa ya kuamka isibadilike, hata siku ya mapumziko.

Huzuni au kukosa usingizi kukidumu wiki mbili, mtu amwone daktari. Akianza kuzungumzia kufa, apelekwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.