Kosa Langu ni Mwavuli

Jamani, mtu akikataa kubeba mwavuli anaitwaje?

Alfajiri mke wangu alinishikia mlango. "Baba Zuhura, beba mwavuli, hii masika." Nikamwambia wingu lile linapita tu. Akaniita mkaidi. Basi ugomvi ukahama kwenye mwavuli, ukaingia kwenye neno. Mkaidi ni mtu aliyeambiwa na mkubwa wake akagoma, kama mtoto kwa mzazi au mwanafunzi kwa mwalimu. Ndiye huyo tunayeambiwa hafaidi hadi siku ya Idi. Sasa mimi, mwenye nyumba, ninunuaye luku, nimkaidi nani?

"Haya, mbishi."

Mbishi naye anahitaji mdomo. Mimi wakati huo nilikuwa kimya nafunga kamba za kiatu.

Mama mkwe alikuwa mkekani anachambua mchele. Alikuja kutoka Tanga kupima macho, huu mwezi wa tatu. Hakuinua hata uso. "Hiyo, mkwe wangu, inaitwa inadi."

Akanimaliza. Mkaidi unaweza kumwonea huruma, lakini mwenye inadi anafanya kusudi, mwenzake aumie roho, hata kama yeye mwenyewe ndiye atakayelowa. Na ukweli ni kwamba ule mwavuli nilikuwa nautaka tangu lile wingu la kwanza.

Kwenye daladala sikusogea nyuma, maana nyuma palikuwa na ndoo ya samaki. Konda akasema, "Mzee una kichwa ngumu." Kisarufi ni kichwa kigumu, lakini pale mlangoni hata sarufi ingekosa pa kusimama. Kilichoniuma si sarufi. Shuleni kwetu kichwa ngumu aliitwa mtoto ambaye hesabu haziingii, hata akiwa mtiifu kuliko darasa zima. Bosi wangu hakubali ushauri wa mtu tangu nimemjua, na kwenye hafla ya mwaka mpya alisifiwa kuwa mtu mwenye msimamo. Nikapiga makofi. Ningefanyaje?

Jioni lile wingu la kupita likarudi na ukoo wake. Msimbazi ukafurika, Jangwani barabara ikafungwa, tukashushwa. Kijana mmoja mwenye mwavuli (kila mtu alikuwa nao siku hiyo) akanitazama, akasema, "Mzee wewe sugu." Sugu ni ile ngozi ya kisigino, unaikanyagisha mwiba na haina habari. Mimi kila tone nilikuwa nalisikia, mengine mpaka kwenye mfupa.

Kiatu cha kushoto kikaachia soli, kikafungua mdomo. Huyo sasa ndiye mbishi, kila hatua ana la kujibu: chwa, chwa, chwa. Nikaja nabisha kama jahazi lililokutana na upepo wa mbele, nakwenda tanga kulia, nakwenda tanga kushoto, nakwepa madimbwi ambayo yalikuwa hayana tena pa kukwepewa.

Saa nne usiku nikafika mlangoni. Nikagonga.

"Hodi!"

"Nani anabisha?" Sauti ya mama mkwe.

"Mimi, mama."

"Kubisha tunajua unabisha, tangu asubuhi. Mwavuli unao?"