Chelsea na makocha wake: je, kufukuza ndiko kulikoleta makombe?

Mwambie shabiki wa Chelsea kwamba klabu yake haina subira na makocha, naye atakujibu kwa kuhesabu makombe. Tangu Roman Abramovich, tajiri wa mafuta kutoka Urusi, alipoinunua klabu mwaka 2003 hadi alipolazimika kuiuza mwaka 2022, timu ya wanaume ilibeba makombe 21. Ndani yake yamo mataji 5 ya Ligi Kuu, Kombe la FA mara 5, Kombe la Ligi mara 3, Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 2 na Ligi ya Europa mara 2. Katika miaka hiyohiyo walipita makocha 13 tofauti, ukiacha walioshika timu kwa mechi moja tu, na wawili kati yao, José Mourinho na Guus Hiddink, waliitwa mara mbili. Hesabu hiyo haina ubishi. Ubishi upo kwenye swali jingine: je, kufukuza ndiko kulikozaa ushindi, au mambo hayo mawili yalikwenda sambamba tu kwa sababu mwenye mali alikuwa na pesa za kutosha kugharimia yote mawili?

Kwanza tumtendee haki Abramovich. Tabia hii aliikuta. Mwaka 1997 Ruud Gullit aliipa Chelsea Kombe la FA, taji lake kubwa la kwanza baada ya miaka 26. Februari 1998 akatimuliwa huku timu ikiwa ya pili kwenye ligi. Gianluca Vialli, mmoja wa wachezaji wa kikosi hichohicho, akapewa timu, na kabla msimu haujaisha akawa ameshinda Kombe la Ligi na Kombe la Washindi Ulaya. Vialli naye akaongeza Kombe la FA mwaka 2000, Agosti akaifunga Manchester United kwenye Ngao ya Hisani, na Septemba kibarua chake kikaota nyasi msimu ukiwa na mechi chache tu. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Ken Bates, na pesa za mafuta ya Urusi zilikuwa bado hazijafika Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea. Abramovich alichofanya ni kuichukua desturi ya nyumba na kuipa bajeti isiyo na kikomo.

Wanaotetea panga la kufukuza makocha wana ushahidi mzito, na ule wa 2021 ndio mzito kuliko wote. Frank Lampard hakuwa kocha wa kupita njia. Ndiye mfungaji bora wa muda wote wa klabu, na msimu wake wa kwanza aliumaliza katika nafasi ya nne licha ya adhabu ya FIFA iliyozuia usajili. Klabu yenye moyo laini ingemvumilia. Januari 2021, timu ikiwa ya tisa, alionyeshwa mlango, na Thomas Tuchel akaingia siku iliyofuata. Wachezaji walikuwa walewale. Tuchel akarudisha mfumo wa mabeki watatu, akamrejesha Antonio Rüdiger kikosini, akakaa mechi 14 za mwanzo bila kupoteza hata moja. Tarehe 29 Mei, mjini Porto, Kai Havertz akafunga goli pekee dhidi ya Manchester City, na Chelsea wakawa mabingwa wa Ulaya. Miezi minne tu. Sijaona namna ya kueleza kombe lile bila kusema kwamba kumfukuza Lampard kulikuwa uamuzi sahihi.

Mfano wa 2009 unakwenda njia hiyohiyo. Luiz Felipe Scolari, bingwa wa dunia akiwa na Brazil mwaka 2002, aliondolewa Februari baada ya sare tasa nyumbani na Hull City. Hiddink, aliyekuwa bado anaifundisha timu ya taifa ya Urusi, akaja kwa muda, akapoteza mechi moja tu ya ligi na kuondoka na Kombe la FA.

Lakini mwaka uliofuata unaiharibu hadithi hiyo. Carlo Ancelotti alikuja, na msimu wake wa kwanza akachukua Ligi Kuu na Kombe la FA kwa pamoja, jambo ambalo Chelsea haikuwahi kulifanya, huku timu ikifunga magoli 103 ya ligi. Msimu wa pili akamaliza wa pili. Mei 2011, muda mfupi baada ya kufungwa 1-0 na Everton, akaambiwa kazi imekwisha akiwa bado yuko Goodison Park, uwanja wa Everton. Ancelotti aliendelea na maisha yake: Ligi ya Mabingwa na Real Madrid mwaka 2014, tena 2022, tena 2024. Panga likikata bila kuchagua, litakata na aliyestahili kubaki.

Aliyemrithi alikuwa André Villas-Boas, kijana wa miaka 33, ambaye Porto walilipwa euro milioni 15 ili wamwachie. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwapumzisha wakongwe na kuijenga timu upya. Februari 2012, kule Naples, dhidi ya Napoli kwenye Ligi ya Mabingwa, aliwaweka benchi Lampard, Ashley Cole na Michael Essien, na timu ikapigwa 3-1. Siku chache baadaye, kufuatia kipigo cha West Bromwich, akaondoka. Msaidizi wake Roberto Di Matteo akawarudisha wakongwe, Napoli wakafungwa 4-1 katika marudiano, na safari ikaishia Munich, kwa kombe la Ligi ya Mabingwa mbele ya Bayern.

Fainali ile husimuliwa kama ushindi wa panga. Mimi naiona tofauti. Bayern walipiga kona 20, Chelsea moja. Thomas Müller alifunga dakika ya 83, na kona hiyo moja ikazaa goli la kichwa la Didier Drogba dakika ya 88. Katika muda wa nyongeza Petr Čech akapangua penalti ya Arjen Robben, na mwishowe Drogba akapiga mkwaju wa ushindi. Kabla ya hapo, kwenye nusu fainali, Lionel Messi wa Barcelona alikuwa amegonga mwamba kwa penalti huku Chelsea wakicheza pungufu baada ya John Terry kuonyeshwa kadi nyekundu. Kwenye ligi, timu hiyohiyo ilimaliza ya sita. Ukimpa sifa yote aliyeketi benchi, basi lazima umlaumu kwa nafasi ya sita pia, na sijamsikia mtu akifanya hivyo.

Jambo lenyewe liko kwa wachezaji. Čech, Cole, Lampard na Drogba walianza fainali ya Munich, na wanne haohao walikuwa wameanza fainali ya Moscow mwaka 2008, Chelsea ilipolala kwa penalti mbele ya Manchester United chini ya Avram Grant. Kati ya fainali hizo mbili benchi lilibadilika kuanzia Grant, Scolari, Hiddink, Ancelotti, Villas-Boas hadi Di Matteo. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo mabadiliko yalikuwa madogo. Uthabiti ambao klabu nyingine huutafuta kwa kocha mmoja wa muda mrefu, Chelsea iliuweka kwa wachezaji watano au sita waliojua nini kinatakiwa Jumamosi hata kama aliyeandika kikosi ubaoni amefika Alhamisi. Hilo ndilo lililofanya kufukuza kusiumize.

Nalo lilikuwa na gharama zake. Wachezaji wanaojua kwamba kocha ni mgeni huanza kumtendea kama mgeni. Villas-Boas aliligundua hilo. Mourinho, mtu aliyewalea wakongwe wale, alikutana nalo Desemba 2015 na kikosi kilichokuwa bingwa miezi saba nyuma: mechi 16, vipigo 9, nafasi ya 16. Kwenye fainali ya Kombe la Ligi ya 2019 kipa Kepa Arrizabalaga aligoma kutoka uwanjani alipoitwa, dunia nzima ikitazama, na Maurizio Sarri akabaki kupandisha hasira pembeni ya uwanja. Aliyeondoka mwishoni ni nani? Sarri alishinda Ligi ya Europa, akamaliza wa tatu, na kufikia majira ya joto alikuwa Juventus. Kepa alibaki.

Kuna jingine ambalo ubishi wa vibanda umiza huliruka. Kocha hafukuzwi timu ikiwa kwenye kiwango chake. Anafukuzwa ikiwa chini ya kiwango hicho, wakati majeruhi wamejaa, mipira inagonga nguzo na mshambuliaji wa kutumainiwa hafungi. Timu yenye wachezaji wa bei ile ingeinuka kwa kiasi fulani hata bila kumgusa mtu. Kocha mpya anafika wakati upepo uko tayari kugeuka, na sifa anaichukua yeye. Hii haimalizi mfano wa Tuchel, kwa sababu alibadilisha mfumo na matunda yakaonekana, lakini inapunguza uzito wa mifano mingi iliyobaki.

Upande wa pili, wahubiri wa subira humtaja Alex Ferguson: aliajiriwa Novemba 1986, kombe la kwanza likaja 1990, ligi ya kwanza 1993, na akastaafu 2013 na mataji 13 ya ligi. Sawa. Ila mfano mmoja wa namna hiyo katika kizazi kizima ni bahati ya United kuliko kanuni ya soka. Arsène Wenger alikaa Arsenal miaka 22, na 14 ya mwisho hakuona taji la ligi. Kwangu United ya baada ya Ferguson inafundisha zaidi. David Moyes alipewa mkataba wa miaka sita akadumu miezi kumi. Louis van Gaal aliondolewa siku mbili baada ya kubeba Kombe la FA. Wakafuata Mourinho, Solskjær, Ten Hag. Walifukuza kwa kasi ya Chelsea na hawajagusa taji la ligi tangu 2013. Kama panga lenyewe lingekuwa dawa, Old Trafford, nyumbani kwa United, wangekuwa wamepona zamani.

Hasara ya vijana ndiyo inayoniuma zaidi, maana haionekani kwenye kabati la makombe. Akademi ya Chelsea ilishinda Kombe la FA la Vijana miaka mitano mfululizo, 2014 hadi 2018, na waliopenya kikosi cha kwanza wakati huo walikuwa wa kuhesabika. Kevin De Bruyne aliuzwa Wolfsburg Januari 2014. Mohamed Salah alipelekwa Italia na hakurudi. Romelu Lukaku aliuzwa Everton 2014, kisha akanunuliwa tena 2021 kwa pauni milioni 97.5. Wale watatu walipita mikononi mwa Mourinho, kwa hiyo lawama si ya mfumo peke yake. Lakini kocha anayejua kwamba vipigo vitatu mfululizo vinaweza kumtoa, kwa nini amvumilie kijana wa miaka 21 akosee? Ilibidi FIFA ifunge dirisha la usajili mwaka 2019 ndipo Mason Mount, Reece James, Tammy Abraham na Fikayo Tomori wakacheza kila wiki.

Na pesa. Kumwondoa Antonio Conte na wasaidizi wake mwaka 2018 kuliigharimu klabu pauni milioni 26.6, mtu aliyekuwa ameshinda ligi mwaka mmoja kabla na Kombe la FA wiki chache tu zilizopita. Abramovich aliweza, kwa kuwa alipoondoka deni ambalo klabu ilikuwa inadaiwa naye lilikuwa limefika takriban pauni bilioni 1.5, na alilisamehe. Klabu inayoishi kwa mapato yake ingefungwa mikono na fidia mbili za namna hiyo.

Ndiyo maana wamiliki wa sasa, Todd Boehly na wenzake wa kampuni ya uwekezaji ya Clearlake, walipoiga desturi hiyo mwaka 2022, matokeo yalikuwa mengine. Tuchel aliondolewa Septemba, siku chache baada ya klabu kumaliza manunuzi makubwa yaliyofanyika wakati wake. Graham Potter akatolewa Brighton kwa fidia, akadumu hadi Aprili. Lampard akarudi kwa muda. Timu ikamaliza ya 12, katika msimu ambao usajili ulizidi pauni milioni 500. Panga lilikuwa lilelile na pesa zilikuwepo. Wachezaji wa kuibeba timu kocha anapoondoka ndio walikosekana: nahodha Azpilicueta alikuwa ukingoni, na wengi wa wengine walikuwa hawajazoea hata kuitana majina.

Watetezi wa utawala huu watasema muda umewapa haki. Enzo Maresca alikuja 2024, akarudisha timu kwenye nafasi ya nne, akachukua Ligi ya Conference mjini Wrocław, na Julai 2025 Chelsea ikaichapa Paris Saint-Germain, bingwa wa Ulaya, 3-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ni hoja nzuri, na ingekuwa nzuri zaidi kama Maresca hangekuwa ameondoka siku ya kwanza ya 2026, chini ya miezi sita baada ya fainali ile. Wachezaji wamefungwa kwa mikataba ya miaka saba na minane, kana kwamba klabu imeelewa kuwa uthabiti ulikuwa wao. Ila mkataba mrefu humfanya kijana abaki tu. Lampard na Drogba walikuwa na miaka ya kushinda na kushindwa pamoja kabla hawajaweza kucheza fainali ya Ulaya na kocha wa muda, na kikosi cha leo, chenye wastani mdogo wa umri kuliko karibu wapinzani wake wote, kinaombwa kifanye vivyo hivyo kabla hakijakaa pamoja hata misimu mitatu.