Kiwanja cha shule na mlipakodi anayekwenda mahakamani

Katika hukumu za mahakama za majimbo ya Marekani kuhusu walipakodi wanaopinga kiwanja kilichochaguliwa na bodi ya shule (chombo, kwa kawaida cha kuchaguliwa kwa kura, kinachosimamia shule za umma za eneo zima), ipo kauli inayorudi karibu kila mahali, hata kama maneno yanatofautiana: kuchagua kiwanja ni kazi ya bodi, na mahakama haitaiingilia isipokuwa pathibitike udanganyifu, nia mbaya, uvunjaji wa sheria au matumizi mabaya ya mamlaka yaliyo wazi kabisa. Kwa kuwa mambo hayo ni magumu kuthibitisha, walipakodi wengi hushindwa, na kushindwa huko kumewaletea jina baya. Husemwa kuwa ni wabishi, kwamba wanawacheleweshea watoto wa wenzao madarasa, kwamba kinachowasumbua hasa ni msururu wa magari utakaopita mbele ya nyumba zao kila asubuhi. Wapo wanaostahili jina hilo. Hata hivyo, anayewahesabia ushindi na kushindwa peke yake anapima kisichofaa kupimwa, kwa sababu thamani ya mashauri haya haiko sana katika hukumu; iko katika nyaraka ambazo bodi hulazimika kuziweka mezani kabla zege halijamwagwa.

Hata kesi ambayo kwayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua haki ya walipakodi wa mitaa kushtaki ilihusu ununuzi wa ardhi. Mwaka 1874 bodi ya kaunti ya Hudson, New Jersey, iliamua kununua ardhi ya kujengea mahakama na majengo mengine ya kaunti, na kuilipia kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, ilhali sheria ilikataza kuingia deni la namna hiyo kabla fedha zake hazijatengwa. Katika hukumu ya Crampton dhidi ya Zabriskie, ya mwaka 1880, mahakama ilikubali kwamba wakazi walipakodi wanaweza kuomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha jambo, dhidi ya matumizi haramu ya fedha za kaunti yao. Hatifungani zikafutwa na ardhi ikarudi kwa muuzaji. Miaka 43 baadaye, katika Frothingham dhidi ya Mellon, mahakama hiyohiyo ilimfungia mlango mlipakodi wa serikali kuu kwa hoja kwamba sehemu yake katika hazina ya taifa ni ndogo mno, lakini ikamwacha mlipakodi wa mji mahali pake, kwa kuwa yeye na fedha za mji wake wana uhusiano wa moja kwa moja. Msomaji wa Kenya, aliyezoea Ibara za 22 na 258 za Katiba ya 2010 zinazomruhusu mtu yeyote kufungua shauri kwa manufaa ya umma, huenda akaona ajabu kwamba haki ya kusikilizwa inaweza kutegemea bili ya kodi. Kwa shule za Marekani utegemezi huo una mantiki yake: asilimia 45 hivi ya mapato ya shule za umma hutoka katika vyanzo vya mitaa, na sehemu kubwa yake ni kodi ya ardhi na majengo.

Hoja za upande wa bodi ni nzito na sina nia ya kuzipunguza. Hakimu hana watakwimu wa kumwambia watoto wataongezeka upande gani wa mji, wala hatakuwepo kujibu iwapo mabasi yatashindwa kufika. Kila kiwanja kina kasoro: kilicho karibu ni ghali, kilicho rahisi kiko bondeni, kilicho kikubwa kiko mbali na maji na umeme. Shauri likifunguliwa, wanunuzi wa hatifungani husita, bei za vifaa hupanda, na watoto hubaki katika vyumba vya muda, hata mdai aliyeshindwa akawa kwa kweli ameshinda kwa kuchelewesha. Nyuma ya jina la mlipakodi anaweza pia kusimama mwenye ardhi ambaye shamba lake halikununuliwa.

Lipo na jambo linalouma zaidi. Historia ya viwanja vya shule nchini humo haitengani na historia ya ubaguzi wa rangi. Katika Swann dhidi ya Charlotte-Mecklenburg, mwaka 1971, Mahakama ya Juu ilieleza jinsi mahali shule zinapojengwa na zinapofungwa panavyoweza kuamua rangi ya watoto watakaosoma humo, na hata kuvuta watu kuhamia mtaa fulani au kuukimbia. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Keyes kutoka Denver, Shule ya Msingi ya Barrett iliyofunguliwa mwaka 1960 ilitajwa miongoni mwa hatua za makusudi za kuwatenga watoto weusi, kwa sababu ya ukubwa wake na mahali ilipowekwa. Anayetaka mlango wa mahakama uachwe wazi kwa walipakodi akumbuke kwamba mlango huo unaweza kupitiwa na mtu ambaye shida yake ni kuona watoto wa rangi nyingine wakisoma karibu naye. Hilo ni kweli. Lakini ushahidi huohuo una upande wa pili: huko Denver mkosaji alikuwa bodi, na waliouanika mpango wake ni wazazi waliokataa kuambiwa kwamba kiwanja ni suala la wataalamu. Walisimama juu ya Katiba na si juu ya bili ya kodi, lakini kama mahakama ingeishia kwenye ile kauli kwamba bodi ndiyo ijuayo, hakuna ambacho kingejulikana.

Jibu linalopendwa zaidi na watetezi wa bodi ni kwamba dawa ya bodi mbaya ni sanduku la kura. Ningelikubali jibu hilo kwa urahisi zaidi kama tungekuwa bado mwaka 1940. Wakati huo Marekani ilikuwa na wilaya za shule, yaani maeneo ambayo kila moja lina bodi yake, zipatazo 117,000 kwa watu milioni 132, yaani wastani wa watu wasiozidi 1,200 kwa wilaya. Leo wilaya ni 13,000 hivi, na watu wamepita milioni 330, hivyo wastani umevuka 25,000. Wastani huficha mengi, bila shaka; vipo vijiji ambako wajumbe wa bodi wanajulikana kwa majina ya utani, na ipo Los Angeles, ambako wajumbe saba wanasimamia wilaya yenye wakazi zaidi ya milioni nne. Hata hivyo mwelekeo hauna utata. Katika wilaya ya watu elfu moja, anayenunuliwa ardhi alijulikana, ukoo wake ulijulikana, na mkulima aliyewahi kuzamisha trekta katika kipande hicho wakati wa mvua angesimama kwenye mkutano na kusema. Katika wilaya ya watu 25,000 au laki kadhaa, kiwanja ni namba ya kitalu katika ajenda ya mkutano wa Jumanne usiku.

Tena kuunganishwa kwa wilaya ndiko kulikozalisha migogoro mingi ya viwanja. Vijiji vitano vilivyokuwa na shule zao vikipewa shule moja, kimoja kinaipata na vinne vinaikosa, na hakuna uchaguzi utakaovipa vijiji hivyo wingi wa kura iwapo kura zao zimegawanyika. Aghalabu wapiga kura huidhinisha hatifungani kwanza na kiwanja kikafuata, kwa hiyo mtu aliyepiga kura ya ndiyo kwa moyo mweupe hugundua baadaye ameidhinisha shule iliyo umbali wa nusu saa kutoka kwake. Uchaguzi ujao ukifika, shule imekwisha kujengwa. Mwalimu mbaya huondolewa, mtaala hubadilishwa, paa huezekwa upya. Kiwanja kikishajengewa hakibadilishwi na kura yoyote.

Ndiyo maana Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, hainitoki akilini ninapowaza jambo hili. Kuanzia 1942 kampuni ya Hooker ilizika tani zipatazo 20,000 za taka za kemikali katika mfereji wa zamani ambao haukuwahi kukamilika. Tarehe 28 Aprili 1953 bodi ya elimu ya mji ilipokea ardhi hiyo kwa dola 1, kwa hati iliyotamka wazi kwamba ardhi imejazwa taka za kutengeneza kemikali na kwamba kampuni haitawajibika kwa madhara. Mapema mwaka 1954 msanifu majengo aliiarifu bodi kwamba wachimbaji wamekutana na mashimo yenye mapipa ya kemikali. Bodi ikalisogeza jengo la shule mita 25 hivi na kuendelea. Shule ya 99th Street ilisomesha watoto hadi mwaka 1978, serikali ya jimbo ilipotangaza hali ya dharura, shule ikafungwa na mamia ya familia zikahamishwa.

Mlipakodi angefanya nini hapo? Ni lazima tuwe wakweli: huenda angeshindwa. Bodi haikuwa ya kifisadi. Ilikuwa na wimbi la watoto waliozaliwa baada ya vita, fedha kidogo, na ardhi ya dola 1, bei ambayo kila mlipakodi huiota. Shauri linalojengwa juu ya ubadhirifu halina pa kushika panapokosekana ubadhirifu, na vigezo vya udanganyifu na nia mbaya havimgusi mtu mwaminifu asiyetaka kujua. Hilo ndilo pengo kubwa la sheria hii, na linawahusu wote wawili: linampa mdai silaha isiyofaa, na linaipa bodi kinga dhidi ya ujinga wake. Lakini katika shauri hata la kushindwa, ile hati ingesomwa hadharani, barua ya msanifu ingeingia katika jalada, na mwandishi wa gazeti la mji angekuwa ameketi nyuma akiandika. Mzazi ambaye hajui lolote kuhusu mamlaka ya bodi anajua maana ya mapipa ya kemikali chini ya darasa.

Los Angeles inaonyesha upande wa fedha. Ujenzi wa shule ya Belmont ulianza mwaka 1997 juu ya eneo la zamani la visima vya mafuta. Mwanzoni mwa 2000 bodi yenyewe iliusimamisha kwa hofu ya gesi ya methani na haidrojeni salfaidi, kisha mwaka 2002 ikagundulika kwamba chini yake upo ufa wa tetemeko. Baadhi ya majengo yalibomolewa. Shule ilifunguliwa mwaka 2008 kwa jina la Edward R. Roybal, baada ya kugharimu zaidi ya dola milioni 300. Miaka kumi na moja ilipotea, na aliyeipoteza hakuwa mlipakodi mwenye zuio mkononi. Ndiyo maana sishawishiki ninapoelezwa gharama ya kuchelewa bila kuelezwa gharama ya kuharakisha. Sheria ya California inayotaka kiwanja cha shule inayojengwa kwa fedha za jimbo kikaguliwe na idara ya vitu vya sumu ilianza kazi mwaka 2000, wakati kuta za Belmont zimekwisha kusimama.

Mwaka huohuo wapigakura wa California walipitisha Pendekezo la 39, lililoshusha kiwango cha kura za kuidhinisha hatifungani za shule hadi asilimia 55, na kwa upande mwingine likadai orodha ya miradi iwekwe mbele ya wapigakura. Sheria iliyofuatana nalo inamruhusu mlipakodi wa wilaya kuomba zuio fedha zikitumika nje ya orodha. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi walipakodi wa San Diego waliopinga taa za uwanja wa michezo wa Shule ya Sekondari ya Hoover, zilizotaka kulipiwa na hatifungani za dola bilioni 2.1 za mwaka 2008. Majirani hao walikuwa na sababu yao, nayo ni mwanga na kelele za usiku, na watetezi wa bodi wataitaja kesi hii kama mfano halisi wa jina la mlipakodi kuazimwa kwa shida binafsi. Mahakama ilisoma orodha na haikuziona taa za Hoover humo. Nia ya mdai haikuongeza wala kupunguza neno katika karatasi waliyoipigia kura.

Basi kinachobaki kupimwa ni masharti ya kuingia mahakamani. Muda mfupi wa kushtaki ni sharti la haki. California hutoa siku 30 kupinga tathmini ya mazingira baada ya notisi ya uamuzi kusajiliwa, na bodi inayojua kwamba siku 30 zikipita itajenga kwa amani haina sababu ya kulalamika. Dhamana ya fedha ni jambo jingine. Huko Indiana, walipakodi wanaopinga mradi wa umma wanaweza kuamriwa kuweka dhamana ya kufidia hasara za upande wa pili endapo watashindwa, na wasipoiweka ndani ya siku 10 shauri hufutwa. Watetezi wake husema, na wako sahihi kwa maandishi, kwamba dhamana haidaiwi iwapo mdai ameonyesha hoja nzito ya kusikilizwa. Lakini mdai hutakiwa kuionyesha hoja hiyo mwanzoni kabisa, wakati hati ya ardhi, ripoti ya udongo na barua ya msanifu bado ziko katika kabati la bodi anayoishtaki.