Chanjo ya mbwa Lindi na Mtwara: nani alipe?

Kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mikutano ya vijiji na vikao vya halmashauri huku kusini hurudia mjadala uleule: kwa nini fedha za umma zitumike kuchanja mbwa wa watu binafsi? Hoja ya wanaotaka kila mfugaji ajilipie si ya kupuuzwa. Mkazi wa Mikindani au Kilwa Kivinje ambaye hajawahi kufuga mbwa, na walio wengi katika ukanda wa pwani hawafugi, anaona zahanati yake inapungukiwa dawa na shule ya mwanawe inapungukiwa madawati, kisha anaambiwa kwamba sehemu ya kodi itakwenda kwa mbwa wa jirani. Jirani huyo anafaidika na mbwa wake, kwa kuwa ndiye anayefukuza nguruwe pori na ngedere shambani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo imemwekea mmiliki wajibu wa kumtunza mnyama wake. Zaidi ya hayo, chanjo ya kideri ya kuku wafugaji huichangia wenyewe, na hakuna anayelalamika.

Hoja hiyo inasimama vizuri hadi tunapouliza ni nani anayeumia mbwa asipochanjwa. Kuku akifa kwa kideri, hasara ni ya mwenye kuku. Mbwa mwenye kichaa hachagui wa kumng'ata, na mara nyingi anayekutana naye njiani ni mtoto anayekwenda shule au mama anayetoka kisimani, ambao hawana mbwa wala hawakushauriwa lolote kuhusu chanjo yake.

Mikoa yetu miwili ina takwimu ambazo sehemu nyingi za Afrika hazina. Kati ya Januari 2011 na Julai 2019, watafiti walianzia kwenye kumbukumbu za hospitali za watu waliong'atwa na wanyama, wakafuatilia hadi vijijini kumtambua mnyama aliyehusika. Walipata watu 688 waliohofiwa kuambukizwa na wanyama wenye dalili za kichaa. Kati yao, 389 walishambuliwa na mbwa na 262 na mbweha. Watu 47 walifariki.

Naomba msomaji asiipite haraka namba hiyo ya 47. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na kifo chake ni cha mateso makali kwa mgonjwa na kwa ndugu wanaomtazama. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha sindano zianze mapema na zikamilishwe. Lakini sindano hizo ni za zaidi ya siku moja, hazipatikani katika kila zahanati, na kwa familia nyingi gharama yake pamoja na nauli kutoka vijiji vya ndani vya Liwale au Nanyumbu ni sawa na kuuza akiba yote ya chakula. Kwa hiyo mfugaji anapokwepa ada ya kumchanja mbwa, gharama haipotei, bali inamhamia yule aliyeng'atwa, tena ikiwa imeongezeka mara nyingi. Wanaosema kwamba chanjo ya bure ni ruzuku kwa wafuga mbwa wanasahau kwamba asiyefuga ndiye anayekingwa kwanza.

Wapo wanaoitumia takwimu hiyohiyo kupinga. Ikiwa watu 262 walishambuliwa na mbweha, na kati ya wanyama 549 waliofuatiliwa mbweha walikuwa 221 dhidi ya mbwa 303, kuna faida gani kuchanja mbwa wa kijijini wakati ugonjwa unatoka porini? Hili ni swali gumu kuliko la ada, na kusini linagusa zaidi kuliko kwingineko, kwa sababu uwiano wa mbweha namna hii si wa kawaida. Theluthi moja hivi ya maambukizi ilikadiriwa kuwa ya wanyamapori kwa wanyamapori. Hata hivyo, katika miaka ambayo mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, ulikuwa ukichanja mbwa kwa wingi, visa vilipungua hatua kwa hatua kwa wanyama na kwa binadamu pia, ingawa hakuna mbweha aliyechomwa sindano. Kampeni zilipokoma, visa vya mbwa vilianza kupanda tena katika wilaya mojawapo ya kaskazini mwa eneo hilo. Mambo mawili kwenda sambamba si uthibitisho kamili kwamba moja limesababisha lingine, na sitadai hivyo. Ila anayetaka tuache kuchanja kwa sababu ya mbweha hana budi kueleza kupungua huko kulitoka wapi.

Kuhusu ada, mji wa N'Djamena nchini Chad umeshapita njia hii. Wafugaji walipotakiwa kulipa, waliochanjwa walikuwa takribani robo tu ya mbwa wote. Kampeni za bure za mwaka 2012 na 2013 zilivuka asilimia 70, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa lengo la kukata mnyororo wa maambukizi. Ada ndogo machoni pa ofisa wa halmashauri ni kubwa kwa mzee mwenye mbwa watatu wa shamba.

Hata hivyo, bure peke yake haitoshi, na hapa ndipo siku zetu za chanjo zinapokwama. Mbwa huletwa chini ya mwembe wa ofisi ya mtendaji na watoto, wakimvuta kwa kamba mnyama ambaye hajawahi kufungwa shingoni tangu azaliwe. Anajinyonga, anapiga kelele, kamba inakatika, naye anarudi nyumbani bila sindano. Katika jamii yetu, ambayo walio wengi ni Waislamu wanaojihadhari na mate ya mbwa, hata mbwa wa ulinzi hulishwa kwa mbali na hashikwi. Hilo liheshimiwe kwa kuwapa maofisa mifugo wasaidizi waliofunzwa kumshika mbwa na vifaa vya kumdhibiti, badala ya kumlaumu mwenye mbwa. Watoto wa mbwa nao huachwa nyumbani kwa imani kwamba bado ni wachanga mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe hata wakiwa wadogo. Paka pia waletwe, kwani nao huambukizwa na huambukiza.

Tarehe nayo iangaliwe upya. Mwishoni mwa Septemba familia nyingi za Tandahimba na Newala zinaanza kuokota korosho, na mbwa wako mashambani pamoja na wenyewe. Halmashauri inaweza kuadhimisha siku ya dunia na bado ikapanga chanjo kabla ya msimu, kwa ratiba iliyokubaliwa na wenyeviti wa vitongoji. Kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu na wapya huzaliwa kila mara, kinga iliyofikia asilimia 70 hushuka ndani ya miezi michache. Utafiti umeonyesha kwamba chanjo mojawapo inayotumika nchini hubaki na nguvu kwa miezi 6 ikihifadhiwa katika nyuzi joto 25, na miezi 3 katika nyuzi joto 30. Ofisa mifugo wa kata akiruhusiwa kukaa na dozi za chanjo hiyo, mbwa atakayezaliwa Novemba hatalazimika kungoja gari la wilaya mwaka unaofuata.